Punda wa Nyanda za Juu: Mzigo, Mlima na Matunzo

Kabla lori halijapakia gunia la viazi kando ya barabara kuu, gunia hilo huwa limeshasafiri. Limetoka shamba lililo bondeni, likapanda njia ambayo pikipiki huteleza na gari halifiki, na mara nyingi limebebwa na punda. Ni punda huyo huyo anayeleta maji ya nyumbani asubuhi, kuni jioni, na mchanga au mawe ya ujenzi katikati ya siku.

Pamoja na kazi hiyo yote, punda ndiye mfugo ambaye wengi wetu tunamjua kidogo zaidi. Tunajua ng'ombe anahitaji chanjo gani na kuku anakula nini. Kwa punda tumebaki na msemo mmoja tu: punda afe, mzigo ufike. Somo hili ni la wakaazi wanaofuga punda, wanaokodi punda, na vijana wanaojipatia riziki kwa mkokoteni. Lengo lake ni kuonyesha kwamba msemo huo una hasara, kwa sababu punda akifa, mzigo wa kesho haufiki.

KWA NINI PUNDA, SI FARASI

Wakaazi wengine huuliza kwa nini tusitumie farasi, mnyama mkubwa na mwenye nguvu zaidi. Ni swali zuri, kwa sababu ziko nchi ambako farasi ndiye mnyama wa kazi wa milimani. Katika milima ya Alps, kwenye mpaka wa Italia na Austria, kuna farasi anayeitwa Haflinger, aliyepewa jina la kijiji cha Hafling. Ni mfupi, mwenye kifua kipana, miguu imara na manyoya mazito ya kumkinga na baridi. Wakulima wa huko walimtumia kubeba mizigo kwenye vijia vya milimani na kuvuta magogo msituni. Jeshi la Austria bado linatumia farasi hao kupandisha vifaa mahali ambapo gari halifiki. Farasi huyo ametokana na vizazi vingi vya kuchagua wazazi wanaofaa mlima.

Kwetu Afrika, farasi ana adui mkubwa: maradhi ya farasi ya Afrika. Ni virusi vinavyoenezwa na visubi, wadudu wadogo wanaouma zaidi usiku, na vinaweza kuua sehemu kubwa ya farasi wanaoambukizwa. Punda akiambukizwa virusi hivyo, ni nadra augue. Zaidi ya hayo, punda hula chakula kidogo kuliko farasi, humeng'enya majani makavu na mabua ambayo farasi hangenufaika nayo, na gharama ya kumnunua ni ndogo.

Lakini kuna jambo moja ambalo mfugaji wa nyanda za juu anafaa kulikumbuka. Babu wa punda ni punda mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu za kaskazini mashariki mwa bara letu. Mwanadamu alimfuga huko zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mwili wake umeumbwa kwa jua, mawe na ukavu. Manyoya yake hayazuii mvua vizuri, na kwato zake hulainika zikikaa kwenye tope kwa muda mrefu. Kwa hivyo Haflinger alizaliwa kwa ajili ya mlima, lakini punda wetu aliletwa mlimani. Kile ambacho maumbile hayakumpa, sharti apewe na mwenyewe.

MZIGO WA MGONGONI: HESABU YA MITUNGI

Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni rahisi: mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 130 hadi 150. Theluthi ya kilo 150 ni kilo 50. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20 na zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba mitungi 2 ni mzigo halali, na mitungi 4 ni zaidi ya nusu ya uzito wa mnyama.

Kanuni hii inajulikana kuwa ngumu kufuata. Mama mwenye watoto shuleni na shamba linalomsubiri atasema hana muda wa kwenda mtoni mara mbili. Ana haki ya kusema hivyo. Basi tufanye hesabu ya mwezi mzima.

Punda anayebeba mitungi 4 kwa safari moja kila siku huleta mitungi 120 kwa siku 30. Punda anayebeba mitungi 2 kwa safari mbili, akipumzika katikati, pia huleta mitungi 120. Hadi hapo wako sawa. Sasa tuseme mzigo mzito umemtoa yule wa kwanza kidonda cha mgongo, akalazimika kukaa siku 10 bila kazi. Ataleta mitungi 80. Ile 40 iliyobaki itabebwa mgongoni mwa mama au na watoto, au itanunuliwa. Na kidonda cha mgongo hakiponi kwa siku 10 kila mara. Kikipuuzwa kinaweza kumweka punda nje ya kazi kwa miezi.

Kwa familia zinazoweza, njia bora ni kugawa mzigo kwa punda wawili. Punda pia hupenda mwenzake. Akiwa peke yake huwa na wasiwasi na huchoka moyo. Majirani wawili wenye punda mmoja mmoja wanaweza kuwatembeza pamoja na kupeana zamu.

MKOKOTENI NA MLIMA

Punda huvuta uzito mkubwa kuliko anaoweza kubeba, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayobeba. Hapo ndipo vijana wengi hukosea: mzigo unaovutwa vizuri kwenye barabara tambarare hudhaniwa kuwa utavutwa hivyo hivyo kilimani.

Chukua mkokoteni wa magurudumu mawili yenye mpira na upepo wa kutosha, ambao pamoja na mzigo wake una kilo 400. Kwenye murram ngumu iliyo tambarare, punda anahitaji kutumia nguvu kama ya kunyanyua ndoo ya kilo 16 kutoka kisimani. Punda wa kilo 150 anaweza kuhimili nguvu ya takriban asilimia 15 ya uzito wake kwa saa kadhaa, yaani kama kilo 22. Kazi hiyo anaiweza.

Sasa mkokoteni ule ule ufike mahali ambapo barabara inapanda mita 10 kwa kila mita 100. Mlima peke yake unaongeza kilo 40 juu ya zile 16. Punda anatakiwa kuvuta kama kilo 56, zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Akisimama hapo, si mkaidi. Ameshindwa, na fimbo haiwezi kumwongezea nguvu asiyokuwa nayo. La kufanya ni kushusha nusu ya mzigo na kurudi kuuchukua, au kufunga punda wa pili.

Kuteremka nako kuna hatari yake. Mkokoteni usio na breki humsukuma punda kwa nyuma, miguu yake ya mbele huteleza, na ajali hutokea. Kwa hivyo mkokoteni wa nyanda za juu unahitaji mambo mawili: breki inayoshika gurudumu, hata iwe ya mbao na kamba, na mkanda mpana unaozunguka makalio ya punda ili azuie mkokoteni kwa uzito wa mwili wake badala ya kuuzuia kwa shingo.

Angalia pia mpangilio wa mzigo. Ukiwekwa mbele sana, mipini hulemea mgongo wa punda. Ukiwekwa nyuma sana, mipini huinuka na mkanda wa tumbo humkaba. Ukiishika mipini kwa mkono mmoja kabla ya kumfunga punda, inafaa uhisi ni mizito kidogo tu. Na anayesafiri alfajiri au jioni aweke vibandiko vinavyoakisi mwanga mbele na nyuma ya mkokoteni, kwa usalama wake na wa madereva.

MATANDIKO YASIYOUMIZA

Vidonda vingi vya punda havitokani na kazi yenyewe. Vinatokana na vifaa. Nira ya ng'ombe haimfai punda, kwa sababu ng'ombe husukuma kwa nundu na shingo, naye punda hana nundu. Punda husukuma kwa kifua na mabega.

Mfungie mkanda wa kifua wenye upana wa vidole vinne au zaidi, ulioshonwa kwa turubai, gunia au ukanda wa zamani wa gari, na uwekewe kitambaa laini upande wa ndani. Ukae chini ya koo, juu ya kiungo cha bega, ili usimkabe wala kumzuia kutembea. Kamba ya nailoni au waya visigusane na ngozi. Kamba nyembamba ikivutwa hukata kama kisu.

Anayebebesha mgongoni aweke kwanza matandiko mazito pande zote mbili za uti wa mgongo, ili mzigo ulale kwenye nyama na usiguse mfupa wa katikati. Shogi au mitungi ilingane uzito kulia na kushoto. Kila jioni ukimfungua, pitisha kiganja mahali palipokuwa na mkanda. Pakiwa na joto kali, uvimbe au manyoya yaliyong'oka, rekebisha kifaa kabla ya kesho.

MAJI, CHAKULA NA MAKAO

Punda huvumilia kiu kuliko mifugo wengi, na uvumilivu huo ndio unaomponza. Punda wa kazi anahitaji lita 15 hadi 25 za maji kwa siku, kulingana na joto na kazi. Mpe angalau mara tatu, na maji yawe safi. Si haki mnyama anayeleta mitungi 4 nyumbani akose hata ndoo moja.

Chakula chake kikuu ni nyasi kavu, mabua ya mahindi na majani ya malisho. Anahitaji muda wa kula, kwani hula kidogo kidogo kwa saa nyingi. Usimwachie atafute chakula kwenye jaa la taka. Ingawa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017, mabaki ya plastiki na kamba bado yapo, na yakimezwa huziba utumbo. Pia usimfungie punda bila chakula kama adhabu. Punda anayeacha kula hata kwa siku moja au mbili anaweza kujaa mafuta kwenye damu yaliyotoka mwilini mwake, na hali hiyo huua.

Makao si lazima yawe ya gharama. Paa linalozuia mvua, ukuta upande wa upepo, na sakafu iliyoinuka ili isijae tope vinatosha. Katika wadi zetu za baridi, hilo ndilo jambo linalosahaulika zaidi.

Kwato zisafishwe kila siku kwa kijiti butu kuondoa mawe na tope, na zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 8 na mtu anayejua. Kwato zikirefuka, punda hutembea kama aliyevaa viatu vya mtu mwingine, na viungo vyake huharibika.

MARADHI YA KUANGALIA

Lugha yetu imehifadhi onyo moja la zamani. Ugonjwa wa kukakamaa mwili unaitwa pepopunda. Viini vyake huishi udongoni na huingia kupitia kidonda, hata kile kidogo cha msumari. Punda, kama farasi, huathirika nao kwa urahisi sana. Dalili ni masikio na shingo kukakamaa, mkia kuinuka, na taya kufunga. Ukifika hapo, matibabu ni magumu na ya gharama. Chanjo huuzuia.

Kichaa cha mbwa nacho humpata punda aliyeumwa na mnyama mgonjwa. Punda akibadilika ghafla tabia, akaanza kuuma au kushindwa kumeza, usitie mkono mdomoni mwake kutafuta kilichokwama. Mtenge na uite afisa wa mifugo mara moja. Mtu aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Punda haonyeshi maumivu kwa haraka. Ng'ombe hulia na mbuzi hupiga kelele, lakini punda husimama kimya, kichwa chini, masikio yamelegea. Wengi hudhani amepumzika. Punda aliyekataa chakula ni mgonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kwa kidonda, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ukiweka kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa nusu lita. Usipake oili chafu ya gari, maji ya betri wala majivu; vinachoma nyama na kuchelewesha kupona. Kisha mwache apumzike hadi ngozi ifunge. Meno yakaguliwe mara moja kwa mwaka, na dawa za minyoo zitolewe kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

PUNDA HUCHUKUA MIAKA KURUDISHWA

Jike la punda hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hafai kubebeshwa mizigo kabla ya kufika umri wa miaka 4, kwa sababu mifupa yake bado inakomaa. Ukijumlisha, ni miaka 5 tangu mimba kutungwa hadi punda wa kazi kupatikana. Jike mwenye mimba apumzishwe miezi 3 ya mwisho, na apewe muda wa kunyonyesha kabla ya kurudi kazini. Kwa upande mwingine, punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25 na zaidi.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kilichotokea nchini. Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha punda wapatao milioni 1.8. Sensa ya 2019 ilionyesha milioni 1.2 hivi. Sababu moja kubwa ilikuwa biashara ya ngozi, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao. Taasisi ya utafiti ya KALRO ilihesabu kuwa zaidi ya punda 300,000 walichinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Wizi uliongezeka, na wakaazi wa maeneo mengi waliamka asubuhi na kukuta mabaki tu ya mnyama wao.

Februari 2020, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku hayo. Kisha Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliunga mkono kusitishwa kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Kwa mfugaji wa kawaida, somo ni moja: punda aliyepotea leo hupati mwingine kwa urahisi kesho. Mlaze ndani ya boma, muweke alama inayotambulika, na ukiibiwa ripoti mara moja kwa chifu na kituo cha polisi. Nawe mnunuzi wa nyama, nunua iliyopigwa muhuri wa ukaguzi pekee.

SHERIA NA KAZI YA KAUNTI

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inafanya kuwa kosa kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha mzigo kupita kiasi, au kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana jeraha. Anayemkodisha na anayemwendesha punda wote wanafaa kuijua.

Chini ya Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, huduma za mifugo, udhibiti wa magonjwa ya wanyama na ustawi wa wanyama ni kazi za serikali ya kaunti. Kwa hivyo mkaazi anapofika katika ofisi ya kilimo na mifugo ya wadi na kuulizia chanjo ya punda, haombi hisani. Anaulizia huduma iliyo katika orodha ya kazi zetu. Vikundi vya waendesha mikokoteni na vya wanawake wanaotumia punda vinashauriwa kwenda pamoja, kwa kuwa ni rahisi kwa afisa kuhudumia punda 20 mahali pamoja kuliko mmoja mmoja vijijini. Na katika vikao vya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti, wenye punda wanaweza kutaja mahitaji yao, kama vile mabirika ya maji kwenye masoko, sawa na wafugaji wengine.

MAMBO 6 YA KUFANYA WIKI HII

1. Pitisha kiganja mgongoni, kifuani na chini ya mkia wa punda wako utafute vidonda na uvimbe.

2. Inua kila mguu, safisha ukwato, na uangalie kama umepasuka au umerefuka kupita kiasi.

3. Pima mzigo wako wa kawaida kwenye mizani ya sokoni. Ukizidi theluthi ya uzito wa punda, ugawe.

4. Ondoa kamba ya nailoni kwenye matandiko na uweke mkanda mpana wenye kitambaa.

5. Mwenye mkokoteni wa kilimani, funga breki na mkanda wa nyuma kabla ya mvua kuanza.

6. Ulizia katika ofisi ya wadi tarehe ya kupata chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa, na uwajulishe majirani ili mwende pamoja.